Kaskazini Yenye Mabawa

Nyumba ya pampu
6 Februari

Kaka Rula,

Shikamoo. Usiulize kwa nini naandika barua kama mtu wa zamani. Simu imekufa. Ilinichomoka mkononi nimelala kifudifudi juu ya ukuta wa bwawa, ikazama, na nilipoitoa ilikuwa inacheua maji kwenye tundu la chaji. Nikaifukia kwenye mchele siku tatu. Siku ya nne Mama kaupika mchele, simu kaiweka juu ya kabati, kasema ipumzike.

Sasa kaa, maana najua unasoma umesimama. Unakumbuka sindano? Wale wadudu wembamba wa mtaro wa nyuma ya nyumba, tulikuwa tunalala kwa tumbo kuwaangalia mpaka Mama anakuja na ufagio. Wewe ulikuwa unasema kereng'ende ni helikopta, na sindano ni sindano tu, ya kushonea maji. Nimewapata wengine. Wale wa mtaroni walikuwa bluu, wa kawaida. Hawa mwili mwekundu kama waya wa umeme, ncha ya mkia nyeupe, utasema mtu kawachovya kwenye chokaa mmoja mmoja.

Wako nyuma ya kazini kwetu, kwenye bwawa la zamani la kutulizia maji, lile lililoachwa kabla hatujazaliwa. Mimi kazi yangu ni kusafisha machujio na kupaka grisi, lakini nikimaliza niko kule. Nina kile kitabu changu kisicho na jalada, nasoma na kamusi pembeni. Wenye kitabu, kwa lugha yao, wana jina la kereng'ende, na hawa wembamba wanawaita mabinti, jina la mbali kabisa. Kamusi yetu inasema wote kereng'ende, kwisha habari. Nilikasirika nikaandika pembeni kwa kalamu: sindano. Tofauti yao hata mtoto anaiona. Kereng'ende akitua anaacha mabawa wazi kama ndege ya abiria. Sindano akitua anayafunga juu ya mgongo, kama mtu anayefunga kitabu.

Wangu yuko ukurasa wa mia na kumi na mbili. Chini ya picha kuna mstari mmoja, nimeutafsiri siku nzima ya mapumziko: ameonekana mara mbili, kisha hakuonekana tena. Kaka, mimi nimemwona leo asubuhi nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Nimewahesabu. Kumi na wanne.

Tatizo ni hili. Bomba kuu jipya linapita hapo hapo. Mzee wa Pampu, msimamizi wetu, kasema mchoro umeshachorwa na kampuni huko huko mjini kwenu, umepita, umegongwa mhuri. Tarehe mbili Aprili wanamwaga kifusi, bwawa linajazwa lote, bomba linapita juu yake limenyooka. Nikamwambia Mzee, elbo mbili tu, vile viungio vya kona. Elbo hapa, elbo pale, bomba linazunguka, bwawa linabaki. Kasema mwenye mchoro ndiye mwenye bomba, sisi ni watu wa grisi.

Wewe unakaa na watu wa michoro kutwa. Mtafute aliyechora hii. Mwambie elbo mbili. Ni mtu kama wewe tu, atasikia.

Nimekuwekea ganda ndani ya bahasha. Mtoto wao anaishi chini ya maji, ana taya inachomoka kama droo, siku yake ikifika anapanda tete, anapasuka mgongoni, anatoka yule mwekundu, koti analiacha. Hilo ndilo koti. Usilivunje.

Mdogo wako,
Kiroboto

*

Ofisini
13 Februari

Mdogo wangu Kiroboto,

Marahaba. Koti limefika likiwa unga. Watu wa posta wamegonga mhuri juu yake. Nimeukusanya unga nikauweka kwenye kisanduku cha penseli, usinicheke.

Kabla sijasema lolote, nijibu maswali haya. Una hakika ni bwawa? Maana maeneo ya nyuma ya nyumba za pampu kwenye ramani za zamani huwa yanaandikwa shimo. Lina maji mwaka mzima, au ni mvua tu imetuama? Kina chake kiasi gani? Upana?

Kuhusu huyo mchoraji. Kampuni za michoro huku ni nyingi, siwezi kujua ni ipi. Na hata ukimpata hatakusaidia, mchoraji anachora alichopewa. Njia ya maana ni Ofisi ya Wanyamapori. Wana fomu ya mnyama aliye hatarini. Afisa akija akamthibitisha, kazi inasimama, hapo hata mhuri haufui dafu. Ofisi yao iko ghorofa ya chini yetu. Nitaijaza mimi, niipeleke kwa mkono.

Wewe usiongee na mtu yeyote wa mradi. Akija mtu usiyemjua na daftari, kaa kimya, ficha na nyavu zako za wadudu. Wale wakijua unataka kuwasimamisha, kifusi kitamwagwa kesho. Nisikilize mara hii moja.

Mama mwambie kazi inaenda vizuri. Mwezi wa nne wananiajiri moja kwa moja, mchoro wangu wa kwanza wenye jina langu umepita. Akiuliza mchoro wa nini, mwambie wa nyumba.

Kaka yako

*

Nyumba ya pampu
17 Februari

Kaka,

Shimo lao wenyewe. Lina maji mwaka mzima, kuna chemchemi chini upande wa matete, ukiweka mguu unasikia baridi inakupulizia. Kina ni mpaka hapa begani kwangu. Nimelipima kwa kutumbukia. Upana hatua ishirini na tisa, urefu arobaini na moja, hatua zangu, za kwako ni chache kwa sababu una miguu ya korongo.

Kwenye fomu usiandike kereng'ende. Kereng'ende wapo wengi, wanakuja, wanakunywa, wanaondoka, leo wapo kesho wako mji mwingine. Sindano haendi mbali. Alipozaliwa ndipo anapooa na ndipo anapofia. Ukimjazia bwawa haendi kutafuta jingine, anakaa juu ya kifusi anasubiri maji. Andika sindano, andika mwekundu, andika mkia mweupe, chora kabisa, si unajua kuchora.

Leo nimeona harusi. Dume kamkamata jike shingoni kwa ncha ya mkia, jike kajikunja kwa chini, wawili wamekuwa umbo la kopa, na wanaruka hivyo hivyo. Halafu jike akaenda kutoboa tete akaingiza mayai ndani ya shina, moja moja, na dume bado kamshika shingo. Nilimsimulia Mama. Kasema ndiyo maana hana haja ya kuolewa tena.

Asubuhi nafika kazini kabla ya Mzee wa Pampu, mchana sili, naenda kule. Mikono haitulii. Nikipaka grisi nahesabu sindano, nikihesabu sindano nahesabu siku. Zimebaki arobaini na nne. Sindano kumi na wawili.

Kiroboto

*

Ofisini
24 Februari

Kiroboto,

Fomu imeingia. Ina kisanduku kimoja cha jina la mnyama, na wameandika chini yake: neno moja. Niliandika sindano. Karani akaisoma, akaniambia kwa upole kwamba zahanati ni ng'ambo ya barabara. Nikafuta, nikaandika kereng'ende. Ni ukoo mmoja, afisa akifika utamwonyesha mwenyewe yupi ni yupi. Sehemu ya maelezo ni mistari miwili, nikaandika yuko hatarini, anaishi kando ya bwawa nyuma ya nyumba ya pampu. Picha hawapokei.

Watakuja ndani ya wiki mbili. Tulia. Kula mchana.

Kaka yako

*

Nyumba ya pampu
15 Machi

Kaka,

Keti chini. Safari hii na mimi nimeketi, na unajua mimi sikai.

Wiki iliyopita alikuja mtu. Kofia ya kitambaa, buti, daftari, darubini shingoni. Hakusema na mtu, alimwonyesha Mzee wa Pampu karatasi, Mzee akamwonyesha nyuma. Nikajua ndio hao wa mradi. Si ulinionya, mtu usiyemjua na daftari? Nikaficha nyavu kwenye pipa la grisi, nikaficha kitabu ndani ya ovaroli, nikajifanya mjinga.

Kaka, yule mtu alikaa siku mbili kwenye kigoda chake akiwa ameligeuzia bwawa mgongo. Mgongo. Darubini ameielekeza vichakani. Nyuma yake, hatua tatu, sindano wangu wanaoana. Mmoja alimtua begani. Nikasema moyoni, huyu kweli katumwa, hata hajisumbui kuangalia. Siku ya pili nilimpelekea chai ili nichungulie daftari. Kalifunga. Akaniuliza kama nimewahi kusikia wakilia alfajiri. Nikamwambia hapa hakuna anayelia. Akaandika hilo.

Jana barua imefika kwa Mzee wa Pampu, nakala. Nakuandikia ilivyo: "Afisa wetu alifika eneo husika na kukaa siku mbili. Hakuona kereng'ende, wala kiota, wala unyoya. Mkazi wa eneo amethibitisha kwamba hawajawahi kusikika wakilia. Hata hivyo ndege huyu bado yupo kwa wingi katika maeneo ya mashamba na hayuko hatarini. Ombi limefungwa."

Unyoya, Kaka. Ndege. Kereng'ende yule wa porini, mwenye miguu myekundu, ndugu yake kwale. Umeandika neno moja, wakamleta mtu wa ndege. Na mkazi wa eneo aliyethibitisha ni mimi.

Mzee wa Pampu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka naye, halafu nikaenda nyuma ya pampu namba mbili ambako kelele ni kubwa, nikalia huko.

Sasa fanya hivi. Shuka hiyo ghorofa moja. Mwambie afisa ni mdudu. Arudi. Nitamketisha mwenyewe upande unaotakiwa. Zimebaki siku kumi na nane. Sindano kumi na mmoja.

Kiroboto

*

Ofisini
18 Machi

Kiroboto,

Nimesoma nikacheka peke yangu, wenzangu wakageuka. Kisha nikafika kwenye pampu namba mbili nikaacha kucheka.

Nimeshuka leo. Ombi likifungwa halifunguliwi, linaandikwa jipya, na afisa yuko likizo mpaka tarehe kumi Aprili. Nilimweleza karani ni mdudu. Akasema wadudu ni wa Ofisi ya Kilimo, kwa maana ya kuwapiga dawa. Nimeacha ombi jipya mezani kwake hata hivyo.

Pengine jaribu kuwahamisha. Watoto wao, kwa ndoo. Wewe una akili ya mikono, utaona namna. Mambo ya mchoro achana nayo kabisa, kule hakuna kitu, nakuambia mimi ninayejua.

Nisamehe kwa lile neno.

Kaka yako

*

Nyumba ya pampu
20 Machi

Kwa mchoraji,

Leo Mzee wa Pampu kapigilia mchoro wa mradi getini, ni sheria, wiki mbili kabla ya kazi uonekane. Nilikuwa na spana mkononi. Nikasimama kuangalia bomba linapita wapi.

Sikufika hata kwenye bomba. Macho yalienda juu kulia, kwenye mshale wa kaskazini.

Watu wote wanachora mshale. Mtu mmoja tu duniani anauwekea mabawa manne yaliyo wazi, mawili huku, mawili kule, na kichwa kidogo cha duara. Nilikuwa na miaka sita. Nilikuuliza pale mtaroni kaskazini ni wapi, ukasema ni pale kereng'ende anapoangalia akitua, nikaamini mpaka nilipoanza shule nikachekwa darasani. Mshale ule ulikuwa unauchora kwenye madaftari yangu yote. Na leo uko getini, juu ya bwawa langu ulilolipiga mistari ya mshazari na kuandika katikati: shimo.

Nikashuka mpaka kwenye jina. Jina lako. Chini yake: amefika eneo la kazi, ndiyo, saini, tarehe kumi na mbili Januari. Tarehe kumi na mbili Januari ulimwandikia Mama kwamba una homa na huwezi kuja. Alikuwa amekutandikia kitanda. Tulikitandua wiki nzima baadaye.

"Kampuni ni nyingi, siwezi kujua." "Usiongee na mtu wa mradi." Nimeongea na mtu wa mradi tangu Februari, namwandikia namwita Kaka.

Nataka kujua kitu kimoja, halafu sitaki kujua kingine. Lile neno. Kereng'ende. Uliliandika kwa kukosea, au uliliandika ili aje mtu akae ameligeuzia bwawa mgongo?

Sitii jina.

*

Nyumbani
23 Machi

Mwanangu,

Naandika mwenyewe kwa sababu huyu mdogo wako kaniambia tukuache. Mimi siwezi kumwacha mtu niliyembeba.

Hali. Anaondoka giza halijaisha, anarudi na matope mpaka masikioni. Ndoo zangu zote tatu ziko uani zina maji na matete, nikitaka kufua naambiwa nitaua watoto. Wiki iliyopita nilikuta daftari lake mezani limeandikwa sindano kumi na mmoja, tarehe, kisha sindano kumi, tarehe, kisha tisa. Nikasema yamenifika, mtoto anaumwa na ananificha. Nikamburuta mpaka zahanati. Muuguzi akampima kila kitu, akauliza dozi ni ya nini. Mdogo wako akaanza kumweleza mkia mweupe. Muuguzi akaniangalia mimi.

Sielewi habari za bomba. Kanionyesha ile karatasi getini, nimeona jina lako, nilitaka kufurahi. Nikamwambia mbona kazi nzuri, mistari imenyooka. Akaondoka.

Ninachojua ni kwamba ulisema una homa. Mama hadanganywi homa. Ningekuja na dawa.

Mwandikie.

Mama yako

*

Nyumbani kwangu
26 Machi

Mdogo wangu,

Lile neno nililikosea. Naapa kwa kichwa cha Mama. Karani alinielekeza zahanati nikaona aibu, nikaandika neno la haraka ambalo watu wote wanalijua. Sikukumbuka hata kama kuna ndege wa jina hilo. Hilo ndilo nililokosea, mengine yote nilifanya nikijua.

Tarehe kumi na mbili Januari nilitakiwa kuja. Nilipewa gari la ofisi, nilipewa na kamera. Mchoraji lazima afike, akanyage, apime, ndipo atie saini. Nilifika kituo cha mafuta cha njia panda, unakijua, ukitoka pale ni robo saa mpaka nyumbani. Nikakaa kwenye gari. Nilikuwa sijaja miaka miwili. Nilimwambia Mama mimi ni mchoraji wakati nilikuwa najaribiwa tu, nikichapisha karatasi za watu na kuwachongea penseli. Nikaona nikifika Mama atauliza, na wewe hutauliza, utaniangalia tu. Nikageuza gari. Nikachukua ramani ya zamani, imeandikwa shimo, nikaandika shimo. Nikanyoosha mstari. Nikatia saini.

Barua yako ya kwanza nilipoifungua, lile ganda lilinidondokea mezani juu ya mchoro wenyewe. Ndiyo maana lilivunjika. Watu wa posta sikuwatendea haki, ni mkono wangu ulioliangukia.

Nilidhani nikipitia Ofisi ya Wanyamapori, bwawa litapona na saini yangu itapona. Vyote viwili. Nilikuwa natafuta elbo yangu mwenyewe, nipite pembeni. Wewe ulikuwa unazungumzia bomba na mimi nilikuwa najizungumzia mimi.

Namba zako ninazo. Hatua ishirini na tisa kwa arobaini na moja, kina cha bega, chemchemi upande wa matete. Ndicho kipimo pekee cha kweli cha eneo hilo kilichopo ndani ya jengo hili, na kimepimwa na mtu aliyetumbukia. Nimeziandika kwenye karatasi safi. Kesho asubuhi naingia kwa bosi. Namwita Mzee wa Mhuri, hajui. Saini ya uongo kwenye mchoro si jambo dogo huku, sijui nitatoka mle na nini mkononi.

Usijibu kama hutaki. Ila nieleze, ndoo zinakubali?

Kaka yako,
Rula

*

Nyumba ya pampu
6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa majini.

Ndoo hazikukubali. Nilihamisha watoto thelathini, wamebaki wanne. Maji ya bomba yana dawa, niliyaacha juani siku mbili kwanza, bado. Halafu wanakulana. Usiku wa kuamkia tarehe mbili sikulala. Nilijiambia nitakaa katikati ya bwawa wakija, wanifukie na kifusi chao. Mama kasema kama ni hivyo nivae sweta.

Tarehe mbili saa moja asubuhi malori matatu yakaja. Nikaingia majini mpaka begani, na ovaroli, na buti. Sikuwa na hotuba yoyote, kichwani ukurasa wa mia na kumi na mbili tu. Dereva wa lori la kwanza akashuka akasimama ukingoni, akaniangalia. Akauliza, "Dada, umedondosha kitu?"

Nikamwambia hapana, nawazuia msimwage.

Akasema, "Hapo? Hapo si petu. Sisi tunamwaga kule kwenye alama."

Nikageuka. Kule pembeni, ng'ambo ya ukuta, kulikuwa na vigingi vipya vyenye rangi. Mzee wa Pampu alivipigilia jana yake jioni akasahau kuniambia, au hakusahau, alitaka kuniona nikioga. Nilitoka majini mbele ya watu saba. Buti zinapiga kelele kila hatua. Nikaenda getini hivyo hivyo.

Mchoro mpya. Karatasi nyeupe bado ina harufu. Bomba linatoka kwenye pampu, linafika karibu na bwawa, elbo, linapita kando ya ukuta, elbo, linaendelea. Mstari umepinda, Kaka. Wewe ambaye ulikuwa unanyoosha hata kamba ya kuanikia nguo. Na katikati ya ile nafasi, herufi ndogo: bwawa, lina maji mwaka mzima. Na vipimo vyangu, umevigeuza mita, na chini yake umeandika vimechukuliwa na mkazi wa eneo. Nilisoma hapo mara tano. Mkazi wa eneo mara hii kathibitisha kitu cha maana.

Nikashuka kwenye jina. Si lako. Mchoraji ni mtu mwingine, simjui. Amefika eneo la kazi, ndiyo, tarehe thelathini Machi. Mzee wa Pampu anasema kweli alikuja mtu, siku ya mapumziko, mimi niko uani na ndoo, kavua viatu kakanyaga mpaka matopeni, kaondoka. Kwa hiyo nikaelewa kwa nini huandiki. Wamekunyang'anya. Nilisimama pale natiririka maji, nikataka kuirarua ile karatasi kwa sababu jina lako halipo, wiki mbili baada ya kutaka kuirarua ile nyingine kwa sababu lipo.

Halafu nikaangalia juu kulia.

Mshale una mabawa. Ila si yale. Yamefungwa, manne kwa pamoja, juu ya mgongo, kama mtu anayefunga kitabu. Huyo mwenzako atakuwa hajui amechorewa nini kwenye karatasi yake. Umerudi kuchapisha karatasi za watu, sivyo? Ukakaa na mchoro wake dakika moja kabla ya kuubonyeza. Kaskazini ni yako.

Nilimwita Mama aje kuona. Kaangalia mstari uliopinda, kasema huyu fundi mpya hajui kazi kama wewe. Nikamwonyesha mshale. Akayapitishia kidole yale mabawa. Kisha akaniambia nikupe taarifa kwamba ndoo zake anazitaka, na kitanda kimetandikwa.

Sasa usidhani yamekwisha. Mtaro wa bomba uko hatua nne kutoka kwenye maji na vumbi linatua juu ya matete, kutwa nayamwagia. Jana nimehesabu sindano wanane. Leo saba, halafu yule wa nane akatokea nyuma ya sikio langu. Kitabu hakisemi wakiwa wanane inakuwaje. Yule mtu wa ndege anarudi kutoka likizo tarehe kumi na nimeshamwandikia mwenyewe, kurasa sita, neno ndege halimo. Nimemwambia kigoda nitakiweka mimi.

Nimekuwekea koti jingine ndani ya kiberiti, na pamba. Hili ni la yule aliyetoka tarehe tatu asubuhi, siku moja baada ya malori. Nilimwona anapasuka.

Njoo umwone. Ukifika njia panda usikae kwenye gari, ni robo saa tu. Na safari hii ufike kweli, saini baadaye.

Mdogo wako,
Kiroboto